Shajara ya mradi: moto, maji, upepo na udongo kama viumbe mezani

Jumamosi, 8 Februari 2025: Tunaanza

Tuko watano, na tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao kila mtu anaigiza mhusika wake na dadu huamua matokeo, Jumamosi usiku kwenye chumba cha uani nyumbani kwa mama mkubwa, Tanga. Mimi ndiye msimulizi. Binamu yangu anacheza mpiganaji wa upanga, fundi umeme wa mtaani anacheza mwizi, dada mmoja mwalimu wa hisabati anacheza mchawi, na kijana wa kidato cha sita anacheza mganga. Wahusika wote wako ngazi ya nne.

Kazi niliyojipa ni kuandika kwa Kiswahili kadi nne za wale viumbe ambao ni moto, maji, upepo na udongo wenyewe, halafu nitunge kisa cha kuwatumia. Naweka kumbukumbu hapa ili mwenye meza yake asirudie makosa yangu. Kanuni nazitoa kwenye waraka huru wa mchezo, toleo la 5.1, ambao tangu Januari 2023 uko chini ya leseni ya Creative Commons. Ukitaja ulikotoa, unaruhusiwa kutafsiri na kugawa.

Nambari ni hizi. Wote wanne ni daraja la ugumu 5, na kila mmoja anakalia miraba minne. Sumu haiwadhuru, na silaha isiyo na uchawi inawaumiza nusu tu. Moto ana uhai (madhara anayoweza kubeba) 102 na kinga (alama ambayo pigo lazima liifikie ili limpate) 13, Maji 114 na 14, Upepo 90 na 15, Udongo 126 na 17. Kwetu mraba mmoja ni mita moja na nusu, na mzunguko wa mapigano ni sekunde sita. Nikiandika 2d8 maana yake ni dadu mbili za nyuso nane.

Nilipozisoma niliona mazimwi manne yaliyopakwa rangi tofauti.

Gharama: karatasi mbili za bango kitita Sh 2,000, kalamu mbili za wino mzito Sh 2,000. Dadu tunazo. Vifuniko vya soda ndio wahusika, na kifuniko cha kopo la siagi kimekuwa kiumbe kwa sababu kinafunika miraba minne barabara.

Jumapili, 16 Februari 2025: Jina limenichukua wiki nzima

Nilianza na "jini". Jini la moto, jini la maji, linasikika vizuri na kila mtu analielewa. Tatizo la kwanza ni la kikanuni: mchezo una majini yake tayari. Jini wa hewa na ifriti wa moto wako kwenye waraka uleule, wana akili, wanazungumza, wana ubwana na utumwa wao, na ni daraja la 11. Mchezaji akisikia "jini" ataanza kujadiliana naye. Hawa wangu hawajadiliani na mtu, maana akili yao ni 5 au 6 pale ambapo binadamu wa kawaida ana 10.

Tatizo la pili lilikuja na chai. Mama mkubwa alisimama mlangoni na sinia, akanisikia nikisoma kwa sauti, "Mchawi anaita jini la upepo."

"Mwanangu, mnaita nini humu ndani?"

"Mchezo tu, mama."

"Majini hayachezewi. Na kwangu hayaitwi."

Chai aliiacha. Jina nikalifuta.

"Mzimu" nao haukufaa, kwa sababu mzimu ni wa mtu aliyekufa, na hawa hawajawahi kuwa watu. Chimbuko lao ni Ulaya: Paracelsus, tabibu aliyefariki 1541, aliandika kwamba kila kimojawapo kati ya vitu vinne vya Wayunani kina viumbe wake, na kitabu chake kikachapishwa 1566, yeye akiwa ameshazikwa. Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa mchezo huu mwaka 1974, viumbe wa namna hiyo walikuwamo tangu toleo la kwanza. Sisi wa pwani hatuhitaji kueleweshwa vitu hivyo vinne. Mnajimu yeyote atakuambia nyota yako ni ya moto, ya maji, ya upepo au ya udongo. (Fundi alicheka alipogundua kuwa nyota ya Ndoo ni ya upepo. Hiyo ndoo itarudi.)

Mwisho nimeamua kundi zima liitwe "elementali", na kila mmoja aitwe kwa jina la kitu chenyewe, bila nyongeza: Moto, Maji, Upepo, Udongo. Kitakachomtenganisha na moto wa jikoni ni ngeli. Moto wa kawaida unawaka, unaenea, unazimika. Moto kiumbe anawaka, anakuja, anazimika. Nimejaribu kwa binamu tukiwa tunakula. Nikamwambia, "Mmefika uani. Moto unawaka kwenye jiko la mkaa. Mlango umefungwa. Moto ameinuka." Aliacha kutafuna.

Hii sikuiona kwenye kanuni za Kiingereza, na nadhani ndiyo faida kubwa ya kucheza kwa lugha yetu. Kiambishi kimoja kinafanya kazi ya aya nzima ya maelezo.

Jumamosi, 22 Februari 2025: Moto, jaribio la kwanza. Limeanguka

Nilimweka Moto katikati ya kiwanja cheupe, wahusika wakamzunguka, tukaanza kupigana. Saa mbili na dakika arobaini baadaye tulikuwa bado hapo.

Mwalimu ndiye aliyeonyesha kwa nini, kwenye kisogo cha kadi yangu. Upanga wa binamu unatoa 1d8 na nyongeza ya 3. Ukigawa kwa mbili na kuacha sehemu zisizokamilika, wastani ni 3.5. Uhai wa Moto ni 102, kwa hiyo yanahitajika mapigo 29 hivi yaliyompata. Lakini kila anayemgusa Moto, au kumpiga kwa silaha ya mkono akiwa mraba wa jirani, anaungua 1d10, wastani 5.5. Mapigo 29 ni madhara kama 160. Mhusika wa binamu ana uhai 36. Kwa hesabu hiyo angekufa mara nne na Moto angebaki amesimama.

Wakati huo Moto wangu hakuwa anafanya lolote la maana. Alisimama mahali pamoja akipiga, kama bondia mzee.

Ndipo fundi akauliza, kwa sauti ya mtu asiye na nia mbaya, "Hii nyumba ina tangi la maji?"

Nikajibu ndiyo. Nyumba gani haina tangi?

"La lita ngapi?"

"Elfu moja," nikasema. Hapo nilikuwa nimeshakwisha.

Kanuni inasema kila galoni ya maji inayommwagikia Moto inampunguzia uhai 1. Galoni ni takriban lita 3.8. Fundi alimtuma mwizi wake akate miguu ya mnara wa tangi. Lita 1,000 ni galoni 263. Moto wangu wa uhai 102 alizimika, na yangebaki maji ya kuzima mwingine na nusu. Watu walisimama juu ya viti. Mimi nilikuwa na kurasa tatu za kisa ambazo hazikuwa na kazi tena.

Nililala na hasira kidogo, na asubuhi nikagundua nilikuwa na hasira na dakika pekee iliyokuwa nzuri usiku mzima. Saa zote za panga na mishale zilikuwa upuuzi, swali la tangi ndilo lililokuwa mchezo. Tangu hapo nimeacha kumwangalia elementali kama mnyama wa kupunguzwa uhai. Naangalia anapita wapi na anazuiwa na nini. Uhai wake ni muda tu wa wachezaji kutafuta jibu.

Nilichorekebisha, na hii ni kanuni ya nyumbani kwetu, haimo kwenye waraka: ndoo ya lita 20 ikimpata sawasawa inamtoa 5, ikimkosakosa inamtoa 2. Kujaza ndoo ni kitendo cha zamu moja, kumwaga ni kitendo cha zamu nyingine. Tangi likianguka linatoa 4d10 mara moja, kwa sababu maji mengi yanakimbilia chini na hayamgusi. Kumzima kwa ndoo peke yake ni ndoo 21. Inawezekana, lakini utatoka jasho.

Jumamosi, 15 Machi 2025: Kadi, na Sh 12,000 zilizopotea

Ramadhani, kwa hiyo hatuchezi. Nimetumia muda kuchapisha. Kosa ni la kijinga: nilichapa kadi zote nne kwa rangi, nakala tatu kila moja, nikazipiga laminesheni kabla ya kuzijaribu mezani. Nimepeleka Sh 12,000 stesheneri, na nilipofika nyumbani nikaona kwenye kadi ya Maji nimeandika kasi yake ya kuogelea kwenye nafasi ya kasi ya kutembea. Laminesheni haifutiki. Nilijaribu kubandika kijikaratasi juu yake, kikang'oka.

Anayefuata: chapa nyeusi na nyeupe kwenye karatasi ya kawaida, Sh 200 kwa ukurasa, cheza nazo mara mbili, chora juu yake kwa kalamu, ndipo uende kwenye plastiki.

Jumamosi, 5 Aprili 2025: Moto tena

Safari hii ni kijiji cha mapaa ya makuti, wakati wa kiangazi, na kisima kiko miraba 14 kutoka ghalani. Sikumsimamisha. Moto ana kasi ya miraba 10 kwa zamu, anaruhusiwa kuingia kwenye nafasi ya adui na hata kubaki humo, na mara ya kwanza anapomwingilia mtu kwenye zamu hiyo, mtu huyo anapata 1d10 na kuwaka. Atakayewaka anaendelea kupata 1d10 mwanzoni mwa kila zamu yake hadi mtu atumie kitendo kuuzima.

Zamu ya kwanza aliwapitia wote wanne kwa mstari mmoja, bila kurusha pigo hata moja. Sasa kila mchezaji ana kitendo kimoja na mambo mawili ya kufanya: ajizime, au achote maji? Kijana alichagua kuchota huku anaungua. Binamu alimpigia kelele, mwalimu akampigia kelele binamu. Nikakaa kimya nikala kashata.

Walimmaliza kwa dakika hamsini, wakichanganya ndoo saba na uchawi wa mwalimu. Makuti yote ya kijiji yaliteketea, na hilo sikulipanga.

Jumamosi, 12 Aprili 2025: Maji, na mtu niliyemuua kimakosa

Maji ana pigo moja la kutisha: anamfunika aliye ndani ya nafasi yake. Ukishindwa kujinusuru (dadu ya nyuso ishirini na nyongeza yako ya nguvu, jumla ifike 15) unapata 2d8+4, unanaswa ndani yake, na huwezi kupumua. Anaweza kunasa wawili wa kimo cha binadamu kwa pamoja. Mwanzoni mwa kila zamu yake, walionaswa wanapata tena 2d8+4.

Nilipofika kwenye "huwezi kupumua" nikatangaza kwamba mwizi wa fundi amekufa maji mzunguko wa pili. Fundi alikubali kwa heshima, akaenda kukaa nje na simu yake. Kijana ndiye aliyefungua waraka na kuninyooshea kidole kwenye mstari: mtu anaweza kubana pumzi dakika moja, na kuongeza dakika moja kwa kila nyongeza ya ustahimilivu wake. Mwizi ana nyongeza ya 2, yaani dakika tatu, na dakika moja ni mizunguko kumi. Alikuwa na mizunguko 30. Pambano zima halikufika saba.

Kwa hiyo Maji haui kwa kuzamisha. Anaua kwa kusaga, wastani wa 13 kila zamu, na maana ya kukosa pumzi ni hofu tu. Nikatoka nje kumwomba fundi radhi. "Nirudishe nikiwa na uhai wangu wote," akasema, na akarudishwa. Kwenye kadi mpya nimeandika kwa herufi kubwa: KUBANA PUMZI NI DAKIKA, SI MIZUNGUKO. Pia nimeandika njia ya kumtoa aliyenaswa: mwenzake aliye mraba wa jirani anatumia kitendo, anajaribu nguvu, kiwango 14.

Kosa la pili lilikuwa la mahali. Nilimtoa Maji kisimani nikampandisha nchi kavu. Maji akipigwa na baridi anagandaganda, anapungukiwa miraba 4 ya kasi hadi mwisho wa zamu yake inayofuata. Nchi kavu ana miraba 6. Mwalimu ana mwale wa baridi, uchawi mdogo usiokwisha, ambao wenyewe unapunguza miraba 2 zaidi. Sita toa nne toa mbili. Alisema "sifuri" kwa sauti ileile anayotumia darasani. Maji aligeuka sanamu, na kila mzunguko ambao mwale ulimpata alibaki sanamu. Ndani ya maji kasi yake ni miraba 18, na mwale huohuo ungemwachia 12. Basi Maji asitoke majini. Nimeandika kisa upya, sasa ni handaki lililofurika hadi kiunoni.

Jumamosi, 26 Aprili 2025: Udongo na Upepo

Sikukuu ya Muungano, hakuna kazi, tulianza mchana. Upepo tumempitia haraka. Kosa langu lilikuwa moja: nilitumia kimbunga chake kwa mbali, kumbe kinamkumba aliye ndani ya nafasi yake tu. Lazima kwanza awaingie. Anayeshindwa anarushwa hadi miraba 4 upande wowote na kuanguka. Upande tunauamua kwa dadu ya nyuso nane.

Udongo ametupa mabishano ya saa nzima. Anapenya ardhini bila kuacha shimo wala alama, lakini ni katika udongo na jiwe ambalo halijafanyiwa kazi na mkono wa mtu tu. Nikasema, "Ardhi inatikisika, Udongo anachomoza katikati yenu." Fundi akainua mkono.

"Sisi tuko ndani ya nyumba. Sakafu ni ya nini?"

Nilifungua mdomo, nikaufunga. Nikisema udongo uliopigwapigwa, ni kazi ya mkono au si kazi? Mwalimu alisema kupiga sakafu kwa maji na mavi ya ng'ombe ni kazi, muulize bibi yake. Binamu akasema ardhi ni ardhi. Tumeafikiana hivi: sakafu ya udongo anapita, zege na tofali la kuchoma hapiti, matumbawe yaliyochongwa hapiti, mwamba wa pango anapita. Sasa kila wakiingia mahali wanauliza sakafu kwanza.

Udongo asipopenya, anabomoa. Madhara yake kwa majengo ni maradufu, kama 28 kwa kila pigo, na anapiga mara mbili. Walijifungia, ukuta ukaanza kupasuka. Mwalimu akatoa mshindo wa ngurumo, 3d8, ambao Udongo unamwingia mara mbili, na kwa vile hana nyama wala damu ni vigumu zaidi kwake kujinusuru. Hesabu nzuri. Alichosahau ni kwamba mshindo huo unavunja na vitu visivyo na uhai. Ukuta uliokuwa umebaki unawakinga ulianguka kwa uchawi wao wenyewe. Binamu alilala chini kwa kicheko.

Jumamosi, 10 Mei 2025: Chetezo

Kilichobaki ni kuwaita. Uchawi wenyewe unahitaji mchawi wa ngazi ya tisa, lakini waraka una vyombo vinne vya kufanya kazi hiyohiyo, na cha Upepo ni chetezo. Sikuhitaji hata kutafsiri. Nilichukua cha mama mkubwa kabatini, nikaweka kaa moja na punje ya ubani, nikakiweka mezani mbele ya mwalimu.

Sharti ni umakini. Anayeita anamtawala kiumbe kwa muda wa saa moja, mradi umakini usivunjike. Ukivunjika, kiumbe haondoki: anabaki hadi saa iishe, adui wa aliyemwita na wenzake, na huwezi kumfukuza. Kanuni hiyo ya kugeuka adui ni ya tangu 1974. Toleo la 2024 limeiondoa, na kwangu mimi wameondoa utamu wote. Tunabaki na ya zamani.

Bandarini, usiku, maharamia sita. Mwalimu akaita, Upepo akaja, akawafagia wanne ndani ya mizunguko miwili. Mshale mmoja ukampata mwalimu, madhara 8. Kiwango cha kushika umakini ni 10. Dadu ikatoa 7, nyongeza yake ni 2.

"Tisa," akasema mwenyewe.

Nikasema, "Upepo amegeuka."

Walikimbilia ghalani na kufunga mlango. Upepo anapita kwenye uwazi wa inchi moja, na chini ya mlango ule palikuwa na zaidi. Mganga akavua khanga aliyokuwa amejifunga kichwani akaisokomeza. Saa moja ni mizunguko 600, hatuwezi kuichezea yote, kwa hiyo niliamua kwamba kila dakika kumi ninarusha dadu ya nyuso ishirini, na 15 kwenda juu maana yake Upepo ameona ufa mwingine. Kwa akili ya 6 sikumfanya agonge mlango. Nilimfanya azunguke, apapase, apulize. Dadu ya tatu ilitoa 17: tundu la panya. Binamu akaweka ngao. Ya tano ilitoa 19, kwenye dirisha la juu, na mwizi wa fundi akakaa juu ya rafu ameliziba kwa mgongo wake huku akipigwa baridi.

Kabla sijarusha ya sita mlango wa chumba chetu ulifunguka. Moshi wa ubani ulikuwa umejaa hadi darini.

"Nani kachukua chetezo changu?" akauliza mama mkubwa.

Hakuna aliyejibu. Fundi alikuwa bado ameegemeza mgongo ukutani.

Jumla hadi leo: Sh 19,400, pamoja na zile 12,000 za laminesheni. Dadu ya sita tutairusha Jumamosi ijayo, kwa binamu.